Kozi ya ofisi niliyoingia kwa kukosa nyingine

Sikuichagua kozi ya utawala wa ofisi. Matokeo yangu yalikuwa ya wastani, ada ya kozi ndefu haikuwepo, na chuo cha ufundi kilikuwa kinapokea wanafunzi wa ngazi ya awali bila masharti mengi: ujue kusoma, kuandika na kuhesabu, basi. Wenzetu waliokwenda kwenye umeme na uchomeleaji walitutania kwamba sisi tumekuja kusomea kukaa. Nilicheka nao, ingawa moyoni niliwaonea wivu. Wao walitoka karakana na kitu cha kuonyesha. Sisi tulitoka darasani na karatasi.

Tangu wakati huo sijatoka ofisini. Nimekaa mapokezi, nimekaa masijala kunakotunzwa barua na majalada, nimeshika fedha ndogo ndogo, na siku hizi mimi ndiye ninayekabidhiwa vijana wanaokuja kufanya mazoezi ya kazi. Nimeshaiona kozi ile nikiwa mwanafunzi na nimeiona tena kupitia mikono ya wanaoletwa kwangu. Kilichonifaa kuliko vyote hakikuwa na somo lake kwenye ratiba. Ni ile tabia ya kuiacha kazi katika hali ambayo mtu mwingine anaweza kuiendeleza bila kunitafuta. Masomo mengine yote, ukiyatazama vizuri, yalikuwa yanaizunguka tabia hiyo hiyo bila kuitaja.

Tulianza na kibodi, na tulikaa hapo muda ambao wengi wetu tuliuona unapotea bure. Mwalimu wetu wa uchapaji alikuwa mama mtu mzima aliyeanza kazi enzi za taipureta. Mikono yetu aliifunika kwa kipande cha boksi ili tusichungulie herufi. Vidole vinne vya kushoto juu ya A, S, D na F. Vinne vya kulia juu ya J, K, L na nukta mkato. Dole gumba kwenye kitufe cha nafasi. F na J zina kijinundu kidogo karibu kila kibodi utakayoishika, kwa hiyo ukipapasa unajua vidole vimekaa mahali pake. Kijana mmoja alimuuliza kwa nini herufi zisipangwe tu A, B, C.

“Mpangilio huu, mwanangu, umetoka kwenye taipureta ambazo watu wa kampuni ya Remington walianza kuziuza mwaka 1874,” alimjibu. “Ukikutana nao waulize. Kwa sasa andika.”

Kasi hupimwa kwa maneno kwa dakika, lakini neno la mtihani lina hesabu yake: vibonyezo vitano, nafasi nayo ikihesabiwa. Ukiambiwa maneno 40 kwa dakika, maana yake vibonyezo 200. Hapo Kiswahili kinatupendelea kidogo, maana ukiandika “wanaohudhuria” peke yake umeshapiga vibonyezo 13, zaidi ya maneno mawili na nusu ya mtihani. Furaha hiyo huisha maneno yanapoanza kukatwa kwa sababu ya makosa.

Nimeona watu wakisema siku hizi kasi haina maana, simu inaandika yenyewe ukizungumza. Sawa. Ila faida ya kuchapa bila kutazama vidole sikuipata kwenye kasi, niliipata kwenye macho. Mteja amesimama mbele yako anaeleza shida yake, wewe unamtazama usoni na mikono inaandika. Barua iko kulia kwako na unaisoma huku unainakili, unaona palepale kwamba tarehe ya juu haifanani na ile iliyotajwa ndani. Anayewinda herufi kwa vidole viwili hawezi kuona hayo, akili yake yote imezama kwenye kibodi.

Na kuhusu kukaa, waliotutania walisema kweli bila kujua. Kioo cha kompyuta kiwe umbali wa mkono ulionyooka, ukingo wake wa juu usizidi usawa wa macho, viwiko karibu na mbavu, viganja visiegemee ukingo wa meza wakati wa kuchapa, nyayo zikae sakafuni. Kijana wa miaka 19 hasikii kitu ukimwambia hayo. Atasikia baadaye, mabegani.

Barua rasmi nitaipita haraka, kila mtu anaijua sura yake: anwani, tarehe, salamu, Yah., mwili, sahihi, jina, cheo. Kitu ambacho wanafunzi hukiruka, na vyuo hukifundisha kama pambo, ni ule mstari wa Kumb. Na. Mstari ule ndio unaoiambia barua irudi kwenye faili gani itakapojibiwa. Barua isiyo na kumbukumbu namba huzunguka ofisini kama mgeni asiyejua amekuja kwa nani. Jambo dogo la mwisho kuhusu barua: karatasi ya A4 ni milimita 210 kwa 297, na bahasha ndefu ya kawaida, ile ya DL, ni 110 kwa 220. Ukiikunja karatasi sehemu tatu sawasawa inaingia bila kulazimishwa. Nimepokea barua za kuomba kazi zilizokunjwa mara nne, na sikuweza kujizuia kuanza kumkadiria mwandishi kabla sijasoma jina lake. Si haki, lakini ndivyo ilivyo kwenye meza ya kupokelea.

Masijala ndiko nilikosoma kozi yenyewe. Kwenye mazoezi ya kazi nilipangiwa huko na nikaona nimetupwa. Mwenzangu alipelekwa ofisi ya mkuu, mimi nikapelekwa chumba kisicho na dirisha, pamoja na mzee aliyekuwa amebakiza muda mfupi kustaafu. Sote tulimwita Mzee tu. Hakuwa na maneno mengi na hakupenda kabisa mtu aweke kikombe karibu na faili.

Barua ikiingia, Mzee aliifungua kwa kisu cha bahasha, akatazama ndani ya bahasha kama kuna kiambatisho kilichobaki, halafu akagonga mhuri wa tarehe. Kabla ya kitu kingine chochote, mhuri. “Mtu akisema alituandikia tukakaa kimya,” aliniambia, “mhuri huu ndio utakaosema nani mkweli.” Kisha daftari la barua zinazoingia: namba ya mfululizo, tarehe ya kupokelewa, tarehe iliyoandikwa kwenye barua yenyewe, imetoka kwa nani, inahusu nini, imeingia faili gani. Tarehe mbili, si moja. Niliona ni kujisumbua mpaka siku nilipoona barua iliyoandikwa mwanzo wa mwezi ikifika mwisho wa mwezi, na anayelalamika anahesabu ucheleweshaji kuanzia tarehe aliyoiandika yeye.

Baada ya daftari, barua inatobolewa kwa panchi na kuingia kwenye jalada, upande wa kulia, mpya juu ya ile ya zamani. Kona ya juu Mzee aliandika kwa wino mwekundu namba ya folio, yaani namba ya karatasi hiyo ndani ya jalada. Kama barua ilikuwa inajibu nyingine, aliandika pembeni “rejea folio 14”, na akafungua folio 14 akaandika huko nako “imejibiwa, folio 22”. Kazi ya sekunde chache. Lakini siku yoyote ukichomoa karatasi moja kwenye jalada lile, namba iliyorukwa inakushtaki. Na ukitaka kujua suala lilianzaje, unafuata rejea moja baada ya nyingine, unarudi nyuma mpaka mwanzo wake bila kumuuliza mtu.

Jalada halikutoka chumbani bila kadi. Jina la aliyelichukua, tarehe, sahihi. Kadi inabaki pale jalada lilipokuwa limesimama, na jalada likirudi, kadi nayo inarudi kwenye sanduku la kadi. Wakati nikiwa pale mkuu mmoja wa idara alikuja juu, jalada la mkataba fulani limepotea, masijala wazembe. Mzee hakubishana naye. Alivuta kadi akampa aisome: jina lake mwenyewe, sahihi yake mwenyewe, na tarehe ya miezi mingi nyuma. Mkuu akasema alishalirudisha. “Basi lingekuwa hapa, na kadi ingekuwa sandukuni,” Mzee akajibu, kwa sauti ile ile anayotumia kuomba stepla. Jalada lilipatikana jioni hiyo kwenye kabati la mkuu, chini ya magazeti. Hakuna aliyekuja kuomba radhi. Mzee alirudisha kadi sandukuni na kuendelea na barua za siku.

Upangaji nao una sheria zake ambazo darasani tulizikariri bila kuzielewa. Jina la ukoo hutangulia. Penye kitu na pasipo kitu, pasipo kitu hutangulia: Juma peke yake huja kabla ya Juma A., na Juma A. kabla ya Juma Ali. Namba ziandikwe kwa tarakimu zinazolingana, 001, 002, 010, kwa kuwa mifumo mingi ya kompyuta ikipanga namba kama maandishi huweka 10 kabla ya 2. Sheria hizi hazina uzuri wowote ndani yake. Uzuri ni kwamba watu wawili wasiowahi kuonana wakizifuata, watalitafuta faili kwenye sehemu moja.

Vijana wanaokuja kwangu sasa hawajawahi kushika kadi ya jalada, na sidhani wanahitaji kuishika. Lakini nikifungua kompyuta wanazofanyia kazi nakuta “ripoti”, “ripoti mpya”, “ripoti mpya ya mwisho”, “ripoti mpya ya mwisho kabisa (2)”. Hapo ndipo ninapomkumbuka Mzee. Ninachowafundisha ni kuanza jina la kila faili na tarehe, mwaka ukiwa mbele, kisha mwezi, kisha siku: 2024-03-05, halafu mada, halafu toleo. Ni muundo wa tarehe wa kiwango cha kimataifa ISO 8601, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1988, na kizuri chake ni kwamba kompyuta ikipanga kwa herufi, faili zinajikuta zimejipanga kwa wakati. Ukianza na siku, tarehe 5 ya kila mwezi zitarundikana pamoja na hutaona kipi kilitangulia. Kijana mmoja alinibishia kwamba kuna kisanduku cha kutafutia. Nikamwambia atafute “ripoti”. Alipata mamia. Tangu siku hiyo anaandika tarehe.

Kwenye fedha, kozi ya awali haimfanyi mtu kuwa mhasibu na haijidai. Tulifundishwa hati ya kuagizia, hati ya kupokelea mzigo, ankara, stakabadhi, na namna ya kuzilinganisha: tulichoagiza, tulichopokea na tunachodaiwa viwe kitu kimoja. Tulionjeshwa pia debiti na krediti, zile pande mbili za kila hesabu. Mwalimu alituambia kwamba kuandika kila muamala mara mbili ni utaratibu ambao mtawa Luca Pacioli aliueleza katika kitabu kilichochapishwa Venice mwaka 1494, na kwamba wafanyabiashara walikuwa wanautumia kabla yake. Nilijisikia nafuu kujua kwamba waliochanganyikiwa na debiti na krediti hawakuanza na darasa letu.

Somo lililonishika ni la fedha ndogo ndogo, zile za nauli ya kupeleka barua, wino, sabuni, balbu. Utaratibu wake unaitwa masurufu ya kudumu na hauna ujanja. Tuseme kianzio ni 100,000. Kila anayechukua fedha anajaziwa hati, inaidhinishwa, stakabadhi inabanwa nyuma yake. Wakati wowote, saa yoyote, fedha taslimu zilizomo sandukuni ukijumlisha na hati lazima ipatikane 100,000. Hati zikifika 63,500, sandukuni mna 36,500. Unapeleka hati kwa mhasibu, unarudishiwa 63,500 kamili, na sanduku linarudi 100,000. Ndiyo maana mkaguzi anaweza kuingia bila hodi akahesabu dakika tano akaondoka. Wewe hutakiwi kukumbuka kitu. Sanduku linajieleza lenyewe.

Na isipopatikana 100,000? Mwalimu alitupa njia mbili za kuanzia, nazitumia hadi leo. Tofauti ikigawanyika kwa 9, shuku tarakimu zilizobadilishana nafasi. Mtu kaandika 4,500 badala ya 5,400, tofauti ni 900, na 900 ukiigawa kwa 9 unapata 100. Tofauti ikigawanyika kwa 2, tafuta nusu yake, huenda kiasi hicho kimewekwa safu isiyo yake. Hazithibitishi chochote, tofauti inaweza kugawanyika kwa bahati tu, lakini zinakupa pa kuanzia badala ya kusoma kila mstari upya huku jasho linakutoka.

Kilichokosekana darasani ni sura ya mtu anayekuja mlangoni. Hati tulizijaza vizuri sana; hakuna aliyetuonyesha la kusema mkubwa wako anapoinama mezani na kukunong’oneza, “Nipatie elfu kumi hapo, nitarudisha mwisho wa mwezi.” Wewe ni mgeni, unamuogopa, na kiasi chenyewe ni kidogo. Niliwaona wenzangu wakitoa. Baadaye ukaguzi unafika na yule mkubwa yuko safarini, na kilicho sandukuni ni kikaratasi chenye sahihi isiyosomeka. Nilichojifunza kusema ni hiki: “Sawa mkuu, ngoja nikujazie hati, mhasibu akiidhinisha tu nakuletea.” Sijakataa, sijatoa mafundisho ya uadilifu, na mara nyingi mkubwa anakumbuka kwamba ana fedha yake mfukoni. Nawafanyisha vijana zoezi hili kwa kuigiza, mimi nikiwa mkubwa, na huwa nawabana kweli. Wanacheka mara ya kwanza. Mara ya pili sauti zinatetemeka, na ndiyo maana nawafanyisha.

Muhtasari wa mkutano ni kazi nyingine ambayo kwenye mtihani ni nyepesi na ukumbini ni nzito. Tulifundishwa umbo lake: waliohudhuria, wasiohudhuria kwa udhuru, akidi (kama idadi ya waliofika inatosha kufanya kikao), kuthibitisha muhtasari uliopita, yatokanayo na muhtasari huo, ajenda, mengineyo, kufunga. Umbo ni zuri, likusaidie. Lakini watu halisi hawaongei kwa ajenda. Mmoja anajibu jambo la juzi, mwingine anasimulia safari yake, watatu wanaongea pamoja, halafu mwenyekiti anasema “haya, tumekubaliana” na kila mtu anatikisa kichwa.

Tumekubaliana nini? Aliyenisaidia hapa ni katibu muhtasi mmoja mzoefu, dada niliyekaa naye meza jirani. Ukurasa wake aliugawa kwa mistari safu tatu: uamuzi, nani, lini. Maneno ya watu hakuyaandika kabisa, labda mtu aombe pingamizi lake liwekwe kwenye kumbukumbu. Safu ikibaki tupu aliinua mkono: “Mwenyekiti, samahani, niandike nani atalishughulikia?” Kikao chote kinanyamaza. Ndipo inagundulika kwamba hakuna aliyejua. Nilianza kuliuliza swali hilo nikiwa mdogo kuliko wote ukumbini, kwa sauti ya kuomba, na sijawahi kuona mwenyekiti akichukia. Kinyume chake, walianza kunitaka kwenye vikao. Siku hizi kuna programu zinazosikiliza mkutano na kutoa maneno yote kwa maandishi. Nazitumia nikipewa. Hata hivyo, pale ambapo watu hawakuamua, programu nayo haina cha kuandika, na hata ikigundua pengo, haiko ukumbini kuinua mkono.

Kwenye lahajedwali, yale majedwali ya hesabu ya kompyuta kama Excel, nina mambo mawili tu, mengine utayapata popote. Namba za simu na namba za akaunti ziandike kama maandishi, usiziache kama tarakimu za hesabu. Ukiingiza namba inayoanza na sifuri, Excel inaiondoa sifuri; ukiingiza namba yenye tarakimu zaidi ya 15, zile za mwisho inazigeuza kuwa sifuri, kimyakimya. Niliwahi kupokea orodha ya malipo ya watu wengi kutoka ofisi nyingine ambayo namba zote za akaunti ziliishia na sifuri. Aliyeiandaa alikuwa na cheti kama changu na alikuwa ameupamba mstari wa juu kwa rangi nzuri ya bluu. La pili: usijumlishe kwa kikokotoo cha mkononi kisha ukaandika jibu kwenye kisanduku. Weka kanuni ya hesabu (fomula), ili anayekuja nyuma yako aone jumla imetoka wapi.

Siri ya ofisi tulifundishwa kwa sentensi moja: mtumishi atunze siri. Hakuna aliyetuambia inavujia wapi. Inavujia kwenye trei ya printa, barua ya kumsimamisha mtu kazi ikikaa pale nusu saa kabla ya aliyeichapisha kunyanyuka. Inavujia kwenye kioo cha mashine ya fotokopi, umechukua nakala ukasahau karatasi halisi. Inavujia kwenye kompyuta ya mapokezi iliyoelekezwa kwa wateja, na kwenye “jibu wote” ya baruapepe. Inavujia pia kwa upole: mtu anapiga simu, anajitambulisha kama ndugu, anauliza kama fulani yupo likizo. Jibu la mapokezi ni kuchukua jina, namba, saa na ujumbe, kuirudia namba kwa sauti ili ahakikishe, na kuahidi kuufikisha. Ukimwambia fulani yuko likizo mpaka lini, hujui umemwambia nani.

Vijana huniuliza kama cheti hiki cha awali kinatosha kupata kazi. Kinatosha kukuingiza mlangoni mahali pengine, pengine hakitoshi, na wanaosema kinatosha kila mahali wana ada ya kukusanya. Ninachokiona kwa wale wanaobaki ni kitu kimoja: wanajua kukabidhi. Siku ya mwisho ya mazoezi huwa nadai hati ya makabidhiano, ukurasa mmoja. Kazi zilizokamilika ni mstari mmoja tu, hazinihusu sana. Nataka zile ambazo hazijakamilika: zimefika wapi, zinamngoja nani, aliahidi nini na lini, faili liko wapi, funguo ziko kwa nani. Nywila haziandikwi humo, zinabadilishwa. Wengi wanaandika sifa za ofisi na shukrani nyingi. Mmoja aliandika hivi kuhusu barua moja: “Nimempigia mara mbili, anataka apigiwe asubuhi, mchana hapokei.” Yule niliomba abakizwe.

Kama unaanza kozi na utapewa nafasi ya kuchagua pa kufanyia mazoezi, usikimbilie jengo kubwa lenye lifti. Huko unaweza kumaliza muda wako wote ukipeleka karatasi kutoka ghorofa moja kwenda nyingine. Omba ofisi yenye watu wachache, ambako anayepokea wageni ndiye anayefungua barua na ndiye anayeshika sanduku la fedha, maana hapo utagusa kila kitu. Kabla hujakubali, omba wakuonyeshe daftari la barua zinazoingia na uulize sanduku la fedha ndogo ndogo lilihesabiwa lini mara ya mwisho. Wakianza kutazamana, tafuta kwingine.